Umeme Mdogo wa Mjomba

Mjomba wangu aliniletea urithi wangu kwa miguu yake mwenyewe. Alishuka kwenye basi la Nanyamba na gitaa lake ndani ya gunia la korosho, akaingia uani kwangu Naliendele, akaketi mkekani, akanywa maji, kisha akalisogeza lile gunia mbele yangu.

"Pokea, njomba," alisema. Mjomba na mpwa kwetu huitana jina hilo hilo moja. "Hili lako sasa. Nkono wangu umekufa."

Vitu vya mjomba humfikia mtoto wa dada yake, hilo kila mtu kwetu analijua. Lakini humfikia baada ya mazishi, watu wakishakaa na wazee wakishasema. Mtu hajigawi akiwa bado anapumua. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa kumsemesha mjomba, maana hasira zangu hazikai mbali. Aliniuliza habari za watoto, akavaa kandambili zake, akarudi stendi. Gunia likabaki mkekani, na mimi nikabaki nalo kama mtu aliyeachiwa maiti.

Ni lazima niseme alikuwa nani, ili ijulikane kwa nini nilishindwa kulala vizuri kwa ajili ya gitaa.

Miaka ya tisini, Mtwara nzima ilimjua mpiga solo mmoja tu. Bendi yetu ilipiga Jumamosi jioni katika ukumbi wenye bati lililotoboka, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyekuwa bado kijana, nilisimama pembeni yake nikipiga gitaa la ridhimu. Nimesikia wapiga gitaa wengi tangu hapo, wengine wana majina makubwa, wengine wana vidole vyepesi kuliko vyake. Sijasikia sauti kama ile. Gitaa la mtu mwingine ukiligusa, sauti inaruka nje na kufa. La Mjomba lilitoka taratibu, likavimba, halafu likakaa. Lilikuwa kama mtu mzima anayeingia msibani: havamii, anavua viatu mlangoni kwanza. Akina mama waliokuja kwa ajili ya kucheza walisahau kucheza. Kuna siku mpiga dramu wetu aliacha kupiga kabisa, akabaki na fimbo hewani akimsikiliza, na Mjomba akamtukana bila kusimamisha vidole.

Vyombo vyake ungeviona usingevipa hata salamu. Gitaa jekundu lililochubuka mgongoni. Nyuzi nene alizokosa dukani alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Sanduku la spika lilichongwa kwa mninga na seremala wa majeneza, na lilikuwa zito kama jeneza lenye mwenyewe ndani. Kati ya gitaa na spika palikaa mzee wa kazi, amplifaya ya valvu iliyotoka misheni, ile yenye vichupa vya kioo ndani vinavyowaka kama makaa. Mjomba aliipangusa vumbi kila mara kabla ya kupiga, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Mimi mwenyewe nilibeba spika miaka yote ile, amplifaya sikuwahi kuibeba.

Tulikwenda Dar es Salaam mara moja kurekodi, Mjomba akiwa ameipakata amplifaya yake njia nzima. Wimbo ulipopigwa redioni tulikusanyika kuusikiliza, tukatazamana. Gitaa lilikuwa la Mjomba, mapigo yalikuwa ya Mjomba, lakini sauti ilikuwa nyembamba na inachoma. Yeye alisema gitaa lake halipendi hewa ya Dar, ni gitaa la kusini. Tulicheka, tukakubali, hatukuulizana zaidi. Sauti yake halisi ilibaki kwenye kaseti moja tu, aliyoirekodi mchezaji mmoja ukumbini kwa redio kaseti yake ya betri. Kaseti hiyo ilidurufiwa hadi ikachoka. Nakala yangu niliitunza pamoja na vyeti vyangu.

Halafu ukaja umeme wa gesi inayochimbwa huku huku kwetu. Vijana wa leo hawawezi kujua ule wa kabla yake ulikuwaje. Jioni, mji mzima ukiwasha taa, umeme ulipungua hadi balbu ikawa na rangi ya chai. Friji zilinguruma na kukata tamaa. Kila mwenye televisheni alikuwa na stabilaiza, na asiye na stabilaiza alikuwa na televisheni iliyoungua. Kwa hiyo gesi ilipokuja, na balbu zikawaka nyeupe mpaka usiku, tulifurahi kama watu waliotolewa kwenye shimo. Mjomba alifurahi kuliko wote. Alisema sasa amplifaya yake itakula ishibe.

Ikala ikashiba, na sauti ikaharibika.

Niliisikia kwa masikio yangu. Gitaa likawa linawasha kama pilipili kichaa. Kila kidole kilichogusa uzi ovyo kikasikika, kila sauti ilifika mapema, mbele ya mwenyewe. Mjomba alikaza nyuzi, akalegeza nyuzi, akabadilisha waya, akasogeza spika ukutani. Mwisho akaacha kutazama vyombo, akaanza kutazama mkono wake. Nilimwona akiufunga na kuufungua chini ya meza kama mtu anayeangalia tochi yenye betri mbovu. Watu nao hawakosi la kusema. Walisema dawa aliyoitoa ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zake wa Msumbiji, imefika mwisho wake. Wengine, wale wanaojifanya wana huruma, walisema la kuvunda halina ubani. Ningewajua kwa majina ningewafuata hadi majumbani kwao.

Baada ya muda ile amplifaya nayo ilitoa moshi, ikazima moja kwa moja. Mafundi walioifungua waliifunga tena wakitikisa vichwa. Mjomba hakusikitika. Kwake, amplifaya ilikuwa imekufa baada ya mkono, si kabla. Alirudi Nanyamba kwenye mikorosho yake, na msimu uliofuata ndipo akaniletea lile gunia.

Nililitundika gitaa ukutani chumbani. Mke wangu alisema linamtazama. Nililigeuza likatazama ukuta, akasema sasa ndiyo mbaya zaidi. Sikulipiga. Ningelipiga ningekuwa nimekubali kwamba Mjomba amekufa, na Mjomba nilikuwa namwona kila msimu, mzima wa afya, anapanda juu ya mkorosho kukata matawi makavu.

Msaada ulitoka Zanzibar. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akipiga muziki kwenye mahoteli alikuja likizo na kisanduku cheusi, kikubwa kama tofali la kuchoma, akaniachia kwa sababu alikuwa amepata kingine kipya. Kilikuwa kisanduku cha kuigiza amplifaya. Unachomeka gitaa upande huu, spika yoyote upande ule, na ndani yake, kwa hesabu za kompyuta, kuna sauti za amplifaya maarufu za dunia. Unachagua amplifaya, unachagua spika, unachagua hata maikrofoni ikae wapi mbele ya spika. Rafiki yangu alinionyesha sauti za mabingwa wa Ulaya na Marekani, mmoja baada ya mwingine, kama muuza mitumba anayetikisa makoti.

Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni niliuliza jambo moja tu: je, Mjomba yumo humu?

Niliamua kumtafuta. Nia yangu ilikuwa wazi, na niliisema kwa mke wangu: nikiweza kuirudisha ile sauti, nitamwita aisikie, na akiisikia hataweza kukaa bila kulishika gitaa lake. Nikishindwa, gitaa litabaki ukutani na Mjomba atabaki marehemu anayetembea. Mke wangu alisema sawa, ilimradi nitumie hedifoni.

Ilikuwa kazi ya kumtia mtu wazimu. Kila nikitoka shule nilikaa na kaseti upande mmoja na kisanduku upande mwingine. Nilianza na amplifaya iliyofanana na ile ya misheni. Nikapata ukali, sikupata utulivu. Nikapunguza makali, sauti ikawa kama inatoka chini ya godoro. Nikaongeza mwangwi, ikawa msikitini. Nilijaribu spika kubwa, spika ndogo, maikrofoni karibu, maikrofoni mbali. Niliipata rangi ya sauti yake, hata mke wangu alikiri kwamba inafanana. Lakini kule kuchelewa kidogo, kule kuvimba baada ya kuguswa, hakukuwemo. Sauti iliendelea kuvamia nyumba na viatu vyake.

Nilianza kuogopa kwamba watu wamesema kweli, kwamba kile nilichokitafuta kwenye kisanduku kilikuwa mkononi mwake, na mkono umekwenda.

Mwisho wa kurasa zilizotokea kwenye kioo cha kile kisanduku kulikuwa na ukurasa mmoja wenye picha ya plagi na namba mia. Ukurasa huo sikuugusa hata siku moja. Mtu wa kwingine angeugusa siku ya kwanza, lakini mimi ni mtu wa Mtwara. Hapa kila mmoja anajua redio ya mitumba iliyokufa kwa sababu mwenyewe alichezea kile kiswichi cha kuchagua umeme mgongoni mwa redio. Nilipoona picha ya plagi nilijua moja kwa moja: hapa wanauliza umeme wa nchi yako, na nikiongopa, kisanduku kitaungua. Nilibandika hata kipande cha plasta juu ya kitufe cha kufikia huko, watoto wasije wakanitia hasara.

Aliyeniondolea ujinga ni mke wa Mjomba. Alikuja kumpeleka mjukuu hospitali, akalala kwetu, na asubuhi akanikuta natukana kisanduku kabla ya chai. Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Zamani alipiga vizuri taa zikififia," alisema.

"Taa gani, mama?"

"Za ukumbini. Zikiwa nyeupe alikuwa anapiga kama watu wengine tu. Zikishakuwa nyekundu, ndo tunanyamaza wote. Sisi wanawake tulikuwa tunasema gitaa la yule ntu linakunywa taa."

Nilimtazama. Aliendelea na mchele wake, akatupa jiwe dogo nje.

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nilikumbuka balbu yenye rangi ya chai. Nilikumbuka Dar es Salaam, ambako taa zilikuwa nyeupe na gitaa likakonda. Nilikumbuka gesi. Amplifaya ya Mjomba ilikuwa na njaa miaka yote ile, na kwa njaa yake ilishindwa kukurupuka. Ukiigusa ilijikusanya kwanza, ndipo ikasema. Kuchelewa kule kulikuwa kwa umeme mdogo. Siku waliyoishibisha, ikaanza kupiga kelele kama amplifaya nyingine yoyote.

Nilibandua plasta. Nawaomba wasomaji wasinicheke: nilizima friji, niliwapeleka watoto uani, nikasema bismillahi. Nikafungua ukurasa wa plagi, nikashusha namba kidogo. Hapakutoka moshi. Nikashusha tena. Kisanduku hakikuwa kinaulizia umeme wa nyumba yangu hata kidogo. Kilikuwa kinaniuliza amplifaya ya ndani, ile ya kuigiza, nataka ilishwe umeme kiasi gani. Waliokitengeneza walijua kwamba kuna watu duniani wanaoitaka amplifaya yenye njaa. Mimi niliyeishi ndani ya njaa hiyo ndiye sikujua.

Niligusa uzi mmoja. Sauti ikachelewa, ikavimba, ikakaa.

Nilipiga kelele. Mke wangu alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani nimenaswa na umeme, na mke wa Mjomba nyuma yake akisoma dua. Niliwavalisha hedifoni kwa zamu. Mke wa Mjomba alisikiliza kidogo, akazivua, akanirudishia, akaenda kuketi barazani peke yake. Nilimwacha.

Mjomba alikuja Idi pili pamoja na mkewe. Tulikula pilau pamoja na majirani waliokuja kutusalimia, tukazungumza habari za bei ya korosho na mvua, na sikutaja gitaa. Baada ya chakula niliunganisha kisanduku kwenye spika za redio yangu kubwa, nikalitoa gitaa ukutani, nikapiga ule mwanzo wa wimbo wake ambao Mtwara yote iliujua. Niliupiga vibaya, maana mimi ni mtu wa ridhimu. Lakini sauti ilikuwa yake.

Alikuwa anachokonoa meno. Mkono ulisimama.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mjomba."

"Wewe najua ni wewe. Vidole vyako hivyo navijua, kama unamenya muhogo. Nauliza hiyo sauti ya nani?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya taa, ya Dar es Salaam, ya gesi, ya amplifaya iliyoshiba. Nilipanga maneno kama ninavyowapangia darasa la nne. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama balbu ya sebuleni, nyeupe na imara, inayowaka mchana kwa uzembe wetu.

"Lete," alisema.

Nilimpa gitaa. Vidole vyake vilikuwa vimelainika ncha, na nyuzi zilimuuma, niliona. Alianza taratibu, akakosea, akarudia, akakosea, akatukana. Halafu wimbo ukaja. Siwezi kuueleza uzuri wake zaidi ya kusema kwamba nilikuwa na miaka mingi sijamsikia na nililia mbele ya watoto wangu bila aibu. Mimi huyu, ninayejifanya mkali. Hakuna kisanduku duniani chenye mambo yale. Kisanduku kilitoa sauti tu, na yeye akaweka humo kila kitu kingine, kule kusubiri kwake, kule kuacha nafasi ambapo mwingine angejaza, kule kuteremka kwa mzaha mwisho wa mstari. Yote yalikuwepo. Yalikuwa yamekaa Nanyamba yakipalilia mikorosho.

Akasimama ghafla.

"Ongeza umeme."

Nilipandisha namba hadi mia. Alipiga mstari ule ule. Ukatoka mkali, unawasha, kila kosa uchi. Akautazama mkono wake.

"Punguza."

Nikapunguza. Akapiga. Ukavimba, ukakaa.

"Ongeza."

Alinifanyisha hivyo mara nyingi, kama mtu anayemhoji shahidi, akirudia swali lile lile ili aone kama atabadilisha maneno. Mkono haukubadilisha maneno. Mwisho aliliweka gitaa magotini, akasema kwa sauti ndogo, si kwetu.

"Kumbe haikuwa mimi."

Mkewe alisema, "Nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia huna ugonjwa. Ukanambia mwanamke anajua nini mambo ya gitaa."

Alianza kugusa vidole vyake kimoja kimoja, na nilijua anahesabu misimu. Miaka ile haikuwa ya kurudishwa na mtu, na amplifaya ilikuwa jivu. Ningetaka kumwambia kwamba nami niliamini nusu ya yale waliyosema watu, lakini hakuniuliza.

Alasiri ilipofika akaomba kanga. Mke wangu akamletea moja kuukuu. Alilifunga gitaa kwa utaratibu, shingo kwanza, kisha tumbo, kama anavyofungwa mtoto mgonjwa wa kupelekwa mbali. Kisanduku nacho akakitia mfukoni mwa koti bila kuomba, adapta ikining'inia nje. Watoto wakaniangalia waone kama nitasema neno. Nilisimama kuwasindikiza stendi yeye na mkewe, Mjomba akanizuia kwa mkono ule ule aliosema umekufa.

"Kaa na wageni wako," alisema. "Gitaa utarithi nikifa. Na leo sifi, njomba."